Swali na jibu: PinePhone inafaa kuwa simu yangu ya kila siku?

SWALI: Nina duka la vipuri vya pikipiki hapa Morogoro. Kazi yangu yote iko kwenye simu: WhatsApp, M-Pesa, programu ya benki, na picha za vipuri ninazotumiana na wateja. Mpwa wangu anayesoma Ujerumani anakuja likizo na ameahidi kuniletea PinePhone yake ambayo haitumii tena. Amenieleza mwenyewe kwamba ina kasoro, mara simu inaita kwa kuchelewa, mara chaji inakwisha upesi, lakini inatumia Linux, mfumo endeshi mwingine badala ya Android, na inaboreshwa kila siku. Fundi wangu hapa mjini anasema nisiogope, ataiflashi aweke Android iwe kama simu nyingine, na kwamba haitadukuliwa kamwe. Niichukue, niuze hii Tecno yangu? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Tecno usiiuze, ndugu yangu. Ya mpwa wako ipokee kwa mikono miwili, nitakuambia ina kazi gani, lakini laini ya biashara isiingie humo.

Swali hili hunijia kwa sura nyingi, na kila mara limebeba dhana ileile. Mtu anaambiwa simu ina kasoro, kisha anasikia kwamba inaboreshwa, basi kichwani mwake kasoro zinageuka deni ambalo sasisho litakuja kulilipa. Avumilie kidogo tu, itakaa sawa. Dhana hii inanichosha kuliko zote, kwa sababu inamfanya mtu mwenye akili zake timamu achukue kifaa ambacho hata aliyekitengeneza hakumwambia achukue.

Na kwa kweli hakumwambia. Pine64, kampuni ya Hong Kong inayoitengeneza, ilianza kusafirisha toleo la kwanza, BraveHeart, mwanzoni mwa 2020. Simu hizo zilifika bila mfumo endeshi wa kutumia, ila programu ya kiwandani ya kupima vifaa. Kila mnunuzi aliweka mfumo wake mwenyewe. Kampuni iliandika wazi kwamba simu ni ya watu wenye uzoefu wa Linux. Iliandika hata kwamba nukta 1 hadi 3 zilizokufa kwenye kioo ni kawaida na wala si sababu ya kurudisha mzigo. Duka gani la Kariakoo litakuambia hivyo kabla hujalipa? Kwa hiyo mimi na kampuni hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na wanaoichukua simu hiyo kwenye sanduku lililoandikwa "ya majaribio" na kumkabidhi mtu wa kawaida kwa maneno matamu.

Tuje kwenye hizo kasoro. Zipo ambazo zimo kwenye vyuma vyenyewe, na hizo hakuna sasisho litakalozigusa. Chipu yake ni Allwinner A64, ya mwaka 2015, na hata wakati huo ilikuwa ya bei ya chini. RAM ni GB 2 kwenye toleo lililouzwa dola 149, GB 3 kwenye lile lililouzwa dola 199. Kamera ya nyuma ni megapikseli 5. Muulize pia mpwa wako kama yake ni ya toleo la UBports la katikati ya 2020, maana bodi za toleo lile zilikosewa kwenye USB-C (tundu la chaji), zikawa hazipeleki picha kwenye skrini ya nje. Dawa ilikuwa kushika chuma cha kulehemu au kubadilisha bodi nzima.

Kisha zipo kasoro za programu, na hapa ndipo matumaini ya watu yanapojaa. Chukua hiyo ya simu kuita kwa kuchelewa. Modemu ya PinePhone (sehemu inayoshika mtandao wa laini), Quectel EG25-G, ni kompyuta ndogo inayojitegemea. Ina Linux yake ndani, na imeunganishwa na simu kwa USB kana kwamba umeichomeka kwa nje. Ili chaji ifike jioni, simu inabidi ilale usingizi mzito. Mteja akikupigia, modemu inaiamsha chipu kuu, mfumo unaamka, programu ya simu inagundua kuna mtu, ndipo mlio unatoka. Hizo ni sekunde kadhaa, na mpigaji asiye na subira ameshakata. Ukiizuia isilale, simu inaita vizuri na betri inakwisha mchana. Wakati mwingine simu ikiamka haiioni modemu kabisa, mpaka uiwashe upya. Kengele ya asubuhi nayo, kwa muda mrefu, haikulia simu ikiwa imelala. Yote haya yamefanyiwa kazi, na mengi yamepungua. Lakini wanaoyarekebisha ni watu wa kujitolea, na mifumo ni mingi: postmarketOS, Mobian, Manjaro, Ubuntu Touch. Kilichopona kwenye mmoja bado kinauma kwenye mwingine, na sasisho la leo linaweza kurudisha ugonjwa wa mwaka jana. Anayeishi vizuri na simu hiyo ni yule ambaye, sauti ikipotea katikati ya maongezi, anafungua kumbukumbu za mfumo na kusoma kilichotokea. Kwake kasoro ni kazi, na pengine ni starehe. Kwako wewe kasoro ni mteja aliyekwenda duka la jirani.

Sasa mambo yako manne. WhatsApp haina programu ya Linux. Utaifungua kwa kivinjari, kama kwenye kompyuta, ukiwa umeiunganisha na simu kuu ambayo ni Android au iPhone. Simu kuu ikikaa siku 14 bila kutumika, kile kilichounganishwa kinatolewa. Maana yake Tecno bado unaihitaji. Ipo njia ya Waydroid, ambayo inaendesha Android ndani ya Linux, lakini kwa GB 2 za RAM utakuwa unasubiri herufi zitokee. Programu ya benki usiihesabu kabisa. Picha za vipuri, kwa kamera ile, mteja atakuuliza kama hiyo ni bushi au beringi.

M-Pesa niieleze kwa kirefu kidogo, maana sijaona anayewatahadharisha watu. *150*00# ni USSD, yaani menyu za kubonyeza nyota na reli, na modemu yenyewe inaielewa. Tatizo ni programu iliyo juu yake: nyingine ya kupiga simu inaonyesha menyu, nyingine inanyamaza kimya. Ikinyamaza, wajuzi watakufundisha kufungua dirisha la amri na kujibu menyu kwa kuandika. Unaandika 1, unaandika namba ya mpokeaji, unaandika kiasi, halafu unaandika namba ya siri. Iko hapo kwenye kioo, tarakimu zote nne, hazina vinyota. Na dirisha la amri kwa kawaida hutunza kila ulichoandika ili ukiite tena kwa kubonyeza mshale wa juu. Kijana wa dukani akiishika simu yako kesho, akabonyeza mshale huo mara chache, ana namba yako ya siri. Anayejua atazifuta amri hizo. Wewe ungejuaje kwamba zipo?

Jirani zetu wa Kenya wana shida ya ziada, maana ile menyu iliyokaa kwenye laini yenyewe, pamoja na dirisha la kuomba namba ya siri unapolipa dukani, inahitaji simu inayojua kuzungumza na laini kwa njia hiyo. Mifumo mingi ya simu za Linux haina sehemu hiyo.

Sasa fundi wako. Ni kweli upo mradi wa watu wa kujitolea, GloDroid, unaoweka Android kwenye PinePhone. Android hiyo haina cheti cha Google, Play Store haiji nayo, na programu ya benki inayouliza kwanza kama mfumo ni halali itajifunga. Chipu ni ileile ya 2015, RAM ileile. Yaani atakuondolea kitu pekee ambacho simu hiyo inakifanya vizuri, ambacho ni Linux, akuachie simu dhaifu ya Android isiyo na kiwanda kinachoihudumia. Halafu atakudai hela ya kazi.

Hilo la "haitadukuliwa" ndilo linanipandisha presha. PinePhone inajaribu kwanza kuwaka kutoka kwenye kadi ya memori. Mwizi akiipata anachomeka kadi yenye mfumo wake, anaiwasha, na kama hukuweka usimbaji (kuzificha data zisisomeke bila nywila) wakati wa kuweka mfumo, anasoma kila kitu: picha, meseji, na zile amri zenye namba ya siri. Hahitaji utaalamu wowote wa kutisha. Simu za Android zinazotoka kiwandani tangu Android 10 zinasimba data zenyewe bila kuulizwa, hata za bei rahisi. Na minara ya mtandao inaijua laini yako iko wapi, uwe na Linux au usiwe nayo.

Nisiionee, lakini. Ukifungua kava la nyuma utaona swichi sita ndogo mno, unahitaji ncha ya kalamu kuzisogeza. Zinakata modemu, WiFi na Bluetooth, maikrofoni, kamera ya nyuma, kamera ya mbele, na ya sita ni ya tundu la earphone. Ukizima maikrofoni hapo, imezimwa kweli, hakuna programu itakayoiwasha kwa siri. (Ya sita usiichezee. Ukiizima, tundu hilo linageuka njia ya mawasiliano ya mafundi, na utakuja kuniandikia kwamba earphone zimekufa.) Betri inatoka kwa ukucha, na ya Samsung Galaxy J7 ya 2015 inaingia bila kulazimisha. Ndiyo maana nimekuambia ipokee. Kama una kijana nyumbani anayesoma kompyuta, mpe. Mfumo anaujaribu kutoka kwenye kadi, akiuharibu anaandika kadi upya, simu haifi. Atajifunza mambo ambayo simu ya dukani ingemfungia.

Nirudi kwa mafundi, maana wewe hujaichukua bado ila wapo wengi walioshanasa. Siku hizi kuflashi kumekuwa dawa ya kila ugonjwa. Simu nzito, iflashiwe. Imejaa, iflashiwe. Imesahaulika namba ya siri, iflashiwe. Mimi naflashi, ni kazi yangu, sina neno nayo. Nauliza swali moja tu: hilo faili umelitoa wapi? Fundi anayelichukua kwa mtengenezaji wa simu atakujibu bila kumung'unya. Wengi watakuambia kuna kundi la Telegram, au "jamaa yangu alinipa kwenye flashi". Mfumo mzima wa simu yako, ambao ndani yake utaandika namba ya siri ya M-Pesa na nywila ya benki, umetoka kwa mtu ambaye hata fundi hamjui. Wapo na wanaofungua kufuli la mfumo, ile kinga inayozuia simu kuwaka na mfumo usio wa kiwandani, ili waingize toleo lao, wakaliacha wazi. Na wapo wanaokupa "ofa" ya kubadilisha IMEI (namba ya utambulisho wa simu) ya simu iliyofungiwa. Hao wakimbie. Tanzania hilo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na simu bandia zilizozimwa Juni 2016 hazikumuuliza mtu kama alidanganywa na fundi.

Kama simu yako imewahi kuflashiwa na huna uhakika, fanya hivi leo. Izime, iwashe, uangalie skrini ya kwanza kabisa. Kwa simu nyingi, kufuli la mfumo likiwa wazi linatokea onyo la maandishi kwa sekunde chache kabla ya nembo. Kisha fungua Play Store, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu, uone kama kifaa kimethibitishwa. Angalia pia kwenye mipangilio ya simu tarehe ya sasisho la usalama, kama ni ya miaka mitatu nyuma ujue unatembea na mlango ulioegeshwa. Ukikuta onyo, au kifaa hakijathibitishwa, usianze kwa kumrudia fundi yuleyule. Toa laini kwanza, iweke kwenye simu nyingine hata ya tochi, ubadilishie huko namba ya siri ya M-Pesa. Nywila ya benki ibadilishe ukiwa tawini au kwenye kifaa unachokiamini, na kwenye WhatsApp ondoa vifaa vyote vilivyounganishwa usivyovitambua. Baada ya hapo ndipo uipeleke simu kwenye kituo cha huduma cha kampuni iliyoitengeneza, waiwekee mfumo wake halisi.