Umealikwa Ulaya kupiga ski mwezi wa kumi? Uliza kwanza chini ya theluji kuna nini

Kila mwaka mwezi wa tisa ukifika mwishoni lazima nipate voisi ya mwongozaji mwenzangu wa kupandisha wageni Kilimanjaro, wa hapa Moshi, saa nyingine wa Arusha, "kaka yule mteja wangu wa Austria kanialika nikapige ski, kanitumia na picha mlima mweupe wote, niende nisiende?" Ski ni zile mbao ndefu za kuvaa miguuni unateleza nazo kwenye theluji. Wananiuliza kwa sababu wanajua mimi nina mwenyeji Tyrol, kule milimani Austria, na huwa naenda kipindi hicho hicho, kwaiyo wananiona kama balozi. Sasa nimechoka kurudia kwenye simu naandika hapa moja kwa moja.

Jibu langu ni nenda. Kiratiba inatukalia vizuri tu, kwetu mvua za vuli zinaanza, wateja wanapungua getini, na tipu za Agosti na Septemba bado hazijaisha zote kwenye ada za shule. Ila kabla hujasema ndio muulize mwenyeji wako swali moja, hiyo theluji imeangukia juu ya nini? Akikujibu ni juu ya barafu ya kudumu (glacier, ile inayobaki mlimani mwaka hadi mwaka), kwenye eneo lililofunguliwa rasmi lenye lifti na njia zilizotengenezwa, poa, anza kutafuta viza. Akikwambia "hapa nyuma ya kijiji kumekuwa kweupe tutapanda wenyewe kwa miguu tushuke na ski", mshukuru sana na mwambie mtaonana Januari.

Hii kitu sisi watu wa Kilimanjaro tulitakiwa tuielewe kuliko mtu yeyote. Si unajua mwezi wa kumi na moja Kibo inavyovaa nyeupe usiku mmoja, asubuhi watu wote wa Moshi mjini wana picha kwenye stetasi, mlima umeshuka theluji mpaka chini kabisa ya Kibo Hut, alafu siku mbili tatu za jua na upepo unarudi kuwa wa kijivu vilevile kama hakuna kilichotokea. Mteja aliyeko mjini anaona picha anashangilia, wewe uliyeko juu unajua ile ni nyembamba, chini kuna changarawe na mawe, na njia imekuwa mbaya zaidi kwa sababu huoni unakokanyaga. Kule kwenye milima yao ya Alps theluji ya mwezi wa tisa na wa kumi mwanzoni ni hivyohivyo. Inaangukia ardhi ambayo bado ina joto la kiangazi, juu ya majani marefu na mawe, na ukija ule upepo wao wa joto wa kutoka kusini wanaouita Föhn unaifyagia yote kwa siku chache.

Mwenyeji wangu alinionyesha kitu ambacho sijasahau. Tulikuwa tumesimama pembeni ya barabara juu kidogo ya mstari wa miti, mteremko mzuri mweupe huna cha kuukosoa, akachukua fimbo yake ya ski akaichomeka. Ikazama kama urefu wa kiganja ikagonga, tak. Akasogea hatua mbili akachomeka tena, tak. Akafukua kwa mkono wa glavu, chini kulikuwa na nyasi za kijani kabisa, zimelala, na jiwe limekaa pembeni yake lina ukingo mkali kabisa. Akaniambia watu kila mwaka wanavunja magoti hapa kwenye wiki hizi kwa sababu macho yameshaona majira ya baridi. Ski inateleza vizuri sana mpaka inapokutana na jiwe, ski inasimama wewe unaendelea.

Na hiyo ndo nusu ya tatizo, nusu nyingine ni mbaya zaidi. Ile theluji ya mapema inayobaki kwenye miteremko inayotazama kaskazini, huko juu mita 2,500 kwenda juu ambako jua haliigusi vizuri, haiyeyuki yote. Inakaa nyembamba, usiku ni mkavu na baridi kali, ardhi chini bado ina vuguvugu, basi ule mvuke unaopita katikati unaibadilisha punje zinakuwa kubwa na hazishikani, ukiibana mkononi inamwagika kama sukari ya kupima dukani. Theluji nyingi ya Novemba na Desemba ikija kukaa juu ya hiyo sukari hakuna kinachoishikilia. Mtu mmoja anakatiza mteremko wa nyuzi 30 na kitu, blanketi lote linakatika linashuka naye. Ndo maana wenyeji wenye akili wanakumbuka mpaka katikati ya msimu ni miteremko gani ilikuwa na theluji Oktoba, wanaiandika kabisa, alafu wanaikwepa.

Wana mfumo wa kutangaza hatari ya maporomoko ya theluji kwa madaraja 1 mpaka 5, na wageni wengi wakiona 3 wanafikiri ni ya wastani kwa kuwa iko katikati. Sio ya wastani. Na mwanzoni mwa msimu taarifa zenyewe haziji kila siku kama zinavyokuja Januari, kwaiyo unaweza kuwa huko juu bila taarifa yoyote. Mtu akifukiwa dakika zake ni chache mno, helikopta haiwahi, anayekuokoa ni mwenzako uliyenaye akiwa na kile kifaa cha kutafutana kwa redio, fimbo ndefu ya kuchomea na koleo, na anajua kuvitumia. Sasa wewe umetoka Pasua au Ngaramtoni umefika jana, utakuwa unajua? Baki kwenye njia zilizofunguliwa.

Njia zilizofunguliwa Oktoba ni zipi? Tyrol kuna Hintertux, huko kawaida wanafanya kazi mwaka mzima, juu kabisa ni mita 3,250. Kuna Sölden, ambako ndo mashindano ya Kombe la Dunia la ski huwa yanafunguliwa mwishoni mwa Oktoba kwenye barafu ya Rettenbach. Kuna Stubai karibu na Innsbruck. Uswisi kuna Zermatt, lifti inakupandisha mpaka mita 3,883, yani juu kuliko kambi yetu ya Horombo. Hapo chini ya theluji mpya kuna barafu ya miaka mingi, na jamaa wanaihangaikia hasa, kiangazi wanaifunika sehemu kwa mashuka makubwa meupe isiyeyuke, theluji ya msimu uliopita wanaikusanya wanaitunza, usiku mashine zinapita kusawazisha. Davos wao wanafukia rundo la theluji chini ya maranda ya mbao kiangazi kizima, ikifika Oktoba wanaifukua wanaitandika njia ya wale wa ski za tambarare. Nilipoona nilicheka, theluji inatunzwa kama mahindi.

Lakini hata huko usiweke moyo wote. Mwaka 2022 mbio za wanawake za kufungua msimu Sölden zilifutwa kwa hali mbaya ya hewa, 2023 za wanaume zikasimamishwa katikati kwa upepo. Zermatt na jirani zao wa Cervinia walitaka kufanya mbio kubwa kutoka Uswisi kuingia Italia, 2022 wakafuta kwa kukosa theluji, 2023 wakafuta kwa theluji kuzidi na upepo. Watu wenye mashine zote hizo na hela zote hizo. Kwaiyo tiketi ya lifti nunua ya siku moja moja asubuhi ukishaangalia hali, usilipie wiki nzima kwa ofa, na tiketi ya ndege tafuta inayoruhusu kubadili tarehe hata kama imezidi kidogo.

Vifaa sasa. Nguo usinunue Ulaya, nguo ziko Memorial, soko la mitumba la hapa Moshi. Sitanii, pale Memorial na Kiborloni jaketi na suruali za ski za mtumba zimejaa, sisi wenyewe tunawavalisha wagumu (wapagazi wetu) usiku wa samiti. Geuza ndani uangalie ule utepe uliobandikwa juu ya mishono, ukiwa umeanza kubanduka maji yanaingia, iache. Angalia kiuno cha ndani chenye mpira wa kuzuia theluji isipande mgongoni ukianguka, maana utaanguka. Glavu chukua kavu na nene, miwani mikubwa ya theluji ukiipata kioo hakijachanika beba. Nguo za pamba acha nyumbani, hilo unawaambia wateja kila wiki.

Buti, ski na helmeti kodi kule kule, na mwambie mwenye duka kwamba theluji bado nyembamba, atakupa ski zilizoshachubuka tumboni ambazo hata zikikwaruza jiwe haumizwi mtu roho. Buti zao wanapima kwa sentimita za mguu, na zinabana, yani zinabana mpaka unafikiri umepewa za mdogo wako. Ndo zinavyotakiwa. Sisi tumezoea soksi mbili mbili usiku wa kupanda Uhuru, hapa hapana, soksi moja nyembamba ndefu inayopita juu ya buti, ukivaa mbili damu haitembei na ndo vidole vinaganda. Atakuuliza pia kilo zako, urefu na kama umewahi kuteleza, na hapa wanaume wa Moshi tunaanza kujisifu. Sema kweli. Hizo namba ndo anatumia kukaza kile kishikio kinachoachia buti ukianguka, ukimdanganya kwamba wewe ni fundi ataikaza, siku ya kuanguka haiachii, goti ndo linaachia.

Alafu mwalimu. Mwenyeji wako akisema "nitakufundisha mwenyewe" kataa kwa upole, kapanda ski tangu ana miaka mitatu hajui hata yeye anafanyaje. Lipia shule ya ski japo asubuhi mbili tatu. Miguu unayo, pumzi unayo, wenzako wanalalamika kichwa kwenye mita 3,000 wewe unaona kama uko njiani kwenda Horombo, lakini hakuna kitu kwenye mlima wetu kinachokuandaa na miguu kukimbia bila wewe kuiambia. Sisi kazi yetu ni pole pole. Siku ya kwanza utafundishwa kukaa na ski vichwa vimekaribiana nyuma zimeachana ili ujifunge breki, watoto wa chekechea watakupita wakiimba, vumilia. Kanuni ya kwanza kichwani, aliye chini yako ana haki ya njia, wewe wa juu ndo unayeona ndo unayekwepa.

Kuna lifti moja ambayo barafuni wanayo sana, ni chuma kama herufi T kilichopinduliwa kinakuja kwa nyuma kinakuvuta. Nimeona waongozaji wazima wenye vyeti ukutani wanaikalia. Haikaliwi! Inakaa nyuma ya mapaja inakusukuma, wewe unasimama wima ski zimenyooka. Ukiikalia inateremka na wewe, foleni yote inasimama, na yule mzee wa kwenye kibanda anatoka kuja kukunyanyua hasemi kitu, anakutazama tu.

Fimbo za rangi zilizochomekwa pembeni ya njia usizivuke hata hatua moja ya kwenda kukojoa. Barafu ya kudumu ina nyufa, zingine zinameza basi, na mwanzoni mwa msimu ndo hatari zaidi kwa kuwa zimefunikwa na theluji mpya nyembamba isiyobeba mtu. Jua nalo, msidanganyane kwamba ngozi yetu haiungui, theluji mpya inarudisha mionzi kwa wingi sana, midomo inapasuka na macho yanawaka usiku kama yametiwa mchanga. Krimu na miwani hata kukiwa na mawingu.

Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi za Ulaya kama Austria na Uswisi, unaweza kuomba mpaka miezi 6 kabla ya safari, kwaiyo mwaliko wa Oktoba anza Mei Juni, msimu wetu ukishachanganya hutapata muda. Bima wanataka iwe na kiwango cha angalau euro 30,000, lakini soma ndani, bima nyingi za viza zinalipa hospitali ila michezo ya baridi na helikopta ya uokoaji hazimo, na helikopta Austria unaletewa bili. Ongeza hicho kipengele. Namba za dharura shika 112, na Austria uokoaji wa milimani ni 140.

Ukitaka stori ya kumpa mwenyeji jioni, unayo. Yule Ludwig Purtscheller tunayemtaja kwenye kila brifingi pamoja na Hans Meyer alikuwa mtoto wa Innsbruck, na tarehe 6 Oktoba 1889 walipofika kileleni alikuwa anatimiza miaka 40. Na mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo na ski zao wakashuka nazo. Tangu mwaka huo mpaka 2007 barafu ya Kibo imepungua kwa asilimia 85 hivi, ile inayobeba jina la Furtwängler imebaki kipande. Wenyeji wa Tyrol hawashangai, na wao wanaziona zao zinapungua.

Kingine, siku upepo ukifunga lifti, na utazifunga tu, mwenyeji atasema twende sauna. Kule sauna wanaume na wanawake wanaingia pamoja, tena nguo hawavai, na mama mkwe wa mwenyeji wako anaweza akawemo. Uliza mapema ili ujue kama unaenda au unabaki kunywa chai.