Re: Kamera ya dukani inaweza kudukuliwa?
Ndugu, unasema duka lako la Kondele ni dogo na hakuna mdukuzi anayekujua. Hahitaji kukujua. Kuna programu zinazozunguka intaneti mchana na usiku zikibisha hodi kila mlango, zikijaribu nywila za kiwandani: admin, 12345 na ndugu zake. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta kwa maelfu kwa orodha ya jozi 60 na ushei tu za majina na nywila. Tarehe 21 Oktoba vifaa hivyo vikaishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti wanazozitafuta, na Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Wenye kamera wengi hawakujua lolote.

Mimi hufunga kamera hapa Kisumu na, kusema kweli, mafundi tuna lawama. Mtu huweka nywila moja kwa wateja wote ili asisumbuliwe na simu. Nimewahi kufanya hivyo pia, sijivunii. Mwite fundi wako abadilishe nywila ukiwa umesimama hapo hapo, na uiandike wewe mwenyewe. Kwenye ruta, zima UPnP (mpangilio unaoruhusu vifaa kujifungulia njia ya intaneti), maana hufungua milango ya nje bila kukuuliza. Sasisha programu ya kamera kama mtengenezaji bado anaitoa.

Kuhusu swali lako kama kuzima kamera na kuiwasha tena kunaondoa programu hasidi: Mirai hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, kwa hiyo inafutika kweli. Ila nywila ikibaki ileile, itarudi kabla chai haijapoa.