Vigae vya Chupa vya Ziwa Tanganyika: Usivipange kwa Rangi

Ukitaka kuweka kona ndogo ya maonyesho ya vigae vya chupa vilivyosagwa na maji, iwe shuleni Ujiji au kwenye nyumba ya wageni Kigoma mjini, amua mpangilio kwanza. Wengi hupanga kwa rangi: kijani huku, kahawia kule, bluu katikati kama bibi harusi. Picha inatoka nzuri, ila mgeni anaondoka na sifa za rangi tu. Panga kwa uchakavu. Tanguliza kigae kilichovunjika juzi, kikali na chenye kung'aa, kisha vifuate vile vilivyoanza kufubaa, hadi kile kilicholainika pande zote.

Kioo cha chupa kimetokana na mchanga, magadi na chokaa. Mawimbi na kokoto hugonga kingo mpaka ziishe. Maji nayo huvuta magadi polepole kutoka usoni mwa kioo, na hapo ndipo ukungu mweupe unapotokea. Weka lenzi ya kukuza mara 10 mezani. Kigae halisi kina alama ndogondogo za mwezi mwandamo, kila moja imeachwa na pigo. Kilichozungushwa kwenye mashine au kuchovywa kwenye asidi huwa na uso wa aina moja kila mahali, na mara nyingi alama hizo hazipo.

Vya hapa havitafanana na vya Fort Bragg, California, ambako taka za mji zilimwagwa ufukweni kuanzia 1906 hadi 1967 na bahari kuu ikazisaga. Ziwa letu halina chumvi ya bahari, na ghuba ya Kigoma imekingwa dhidi ya upepo mwingi. Vigae vingi vinabaki na mng'aro, na kona zake bado unazihisi kwa kidole. Usivione duni kwa hilo. Waandikie wageni sababu.

Kuokota ni asubuhi, baada ya usiku wa upepo. Fuata mstari wa kokoto, kwa kuwa kioo kina uzito unaokaribiana na wa mawe na hutulia nayo. Kwenye mchanga laini utapoteza muda. Kwenye mwalo wa Kibirizi omba ruhusa na usikanyage dagaa walioanikwa. Vaa viatu vya soli nene, maana kandambili hutobolewa. Usiingie majini penye matete: konokono wa kichocho wanapenda hapo. Gombe ni hifadhi, usiokote kitu. Na ukikuta vigae vya vyungu au shanga za kale Ujiji, viache palepale, utoe taarifa kwa wahusika wa mambo ya kale.

Loweka vigae usiku mzima kwenye maji ya sabuni, kisha sugua kwa mswaki. Utando mgumu wa chokaa hulegea kwenye siki na maji, nusu kwa nusu, kwa saa chache. Siki na jiki visikutane kamwe: hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Kupaka mafuta ya nazi ili ving'ae ni kosa la kawaida. Mafuta hufuta ule ukungu machoni, kisha hukusanya vumbi.

Kinachoonekana cheusi kimulike kwa tochi kutoka nyuma. Mara nyingi ni kijani au kahawia iliyokolea. Kioo cheupe chenye manganisi hugeuka zambarau kikipigwa na jua miaka mingi, na chenye urani hung'aa kijani kikali chini ya taa ya kukagulia noti. Usitegemee kukipata, lakini taa hiyo watoto huipenda.

Kwa kubandika, tone moja la silikoni linatosha. Gundi ya kukauka papo hapo huacha ukungu wake mweupe, na mgeni hataweza kutofautisha kazi ya gundi na kazi ya ziwa. Rafu iwe imara: ndoo ya lita 10 ikijaa vigae inakaribia kilo 15. Lebo iseme ufuko, mwezi na mwaka, na sehemu ya chupa: shingo, kitako au ubavu. Vyenye makali vifunikwe kwa kioo. Vilivyolainika viache kwenye sinia, watu wavishike.