Mwanangu, kuhusu swali lako la hisa

Mwanangu mpendwa,

Jumapili uliniuliza: mtu akichambua hisa, azingatie hisia za wawekezaji, au asome hesabu za kampuni tu? Sikukujibu vizuri kwenye simu, ndiyo maana naandika.

Mwaka 2008 serikali yetu ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom, kampuni ya simu, yaani robo ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye machafuko ya uchaguzi. Mkataba wa amani ulitiwa saini mwisho wa Februari, na mwezi mmoja baadaye tuko foleni kwa dalali. Mama aliyekuwa mbele yangu alikuwa ameifunga fomu yake kwenye leso, akiifungua kila mara kuangalia kama imelowa jasho. Hakuna aliyetaja faida ya kampuni. Tulikuwa na kiu ya habari njema, basi. Mimi nilikopa kwenye chama chetu cha akiba.

Maombi yalizidi hisa mara kadhaa, tukagawiwa kidogo kidogo. Nilichukulia wingi ule kuwa dalili nzuri. Sikufikiria kwamba wengi wetu tulikuwa na madeni, na mwenye deni hana budi kuuza.

Juni 9 hisa zilianza kuuzwa sokoni, bei ikapita shilingi 7. Kisha misukosuko ya fedha ya Marekani ikatufikia. Mapema 2009 niliuza chini ya shilingi 3, na usiku ule sikulala.

Sasa chukua kalamu. Hisa zote ni bilioni 40. Kwa shilingi 7, kampuni nzima ilithaminiwa bilioni 280, mara 20 ya faida yake ya mwaka ule, bilioni 13.8. Kwa shilingi 3 ni bilioni 120, na faida ya mwaka ulioishia Machi 2009 ilikuwa bilioni 10.5: mara 11 na ushei. Faida ilipungua kwa robo, bei ikaanguka kwa zaidi ya nusu. Pengo hilo, mwanangu, sehemu kubwa yake ni hofu yetu. Mwaka 2021 hisa ileile ilipita shilingi 40.

Kwa hiyo hisia za wawekezaji zizingatie, tena uzipime kwa namba hivyo. Siku hizi naandika sababu ya kununua kwenye daftari kabla ya kumpigia dalali. Nikijikuta nimeandika kwamba watu wanaikimbilia, nalifunga.

Ile hisa uliyonitajia, nitumie faida zake za miaka 5 na idadi ya hisa zote. Tutapiga hesabu pamoja ukija nyumbani.

Mama yako