Jibu: Kamati ya amani ina wazee watupu, sisi tuingieje?

Dada, nimekusoma. Kamati ya amani ya kata yenu hapo Tana River ina wazee watupu, na nyinyi akina mama na vijana mnaitwa tu kupika chai na kupanga viti. Inauma, hasa kwa sisi tunaokumbuka mwaka 2012, watu zaidi ya 100 walipouawa hapo katika mapigano ya Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji.

Msianze kwa kudai viti. Anzeni sokoni. Kule Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, mwaka 1993 mwanaharakati wa amani Dekha Ibrahim Abdi na wenzake walianza hivyo: wanawake wa koo zilizohasimiana walikubaliana kwamba sokoni kila mmoja atauza na kununua bila kuulizwa ukoo, wakaweka kamati ya kutuliza ugomvi palepale. Wazee na vijana wakaingia baadaye. Kwenu, mama Mpokomo anayeuza ndizi na mama Mworma anayeuza maziwa tayari wanajuana. Wakae wachache, waandike malka (njia za mifugo kwenda mtoni) zipi zina mvutano na mifugo hushuka mtoni miezi gani, kisha wampelekee chifu. Mwenye habari mapema hapuuzwi kirahisi.

Vijana, wachungaji kwa wakulima, wapeane namba za simu. Ng'ombe wakiingia shambani, simu ipigwe kabla panga halijashikwa.

Ila msiwatume vijana kupatanisha palipo na silaha. Hapo waiteni polisi. Na kesi ya ubakaji isimalizwe na wazee kwa mbuzi. Aliyeumizwa afikishwe hospitali ndani ya saa 72, na mpige 1195, simu ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, ni bure.