Jibu: Cheti cha RCCM kinatosha kuwapa pesa?

Jambo ndugu. Unauliza kama uweke dola 2,000 kwenye kampuni ya madini hapa Lubumbashi inayoahidi asilimia 15 kila mwezi, kwa kuwa wamekuonyesha cheti cha RCCM, yaani cha daftari la biashara. Cheti hicho kinaonyesha tu kwamba kampuni imeandikishwa. Ruhusa ya kupokea akiba za watu hutolewa na Banque Centrale du Congo. Anza kuuliza hiyo. Kisha omba hesabu za mwaka zenye sahihi ya mkaguzi wa nje. Mimi nilipoomba kwa kampuni moja, nililetewa picha za magunia na majina ya waliolipwa! Kulipwa si ushahidi: Madoff, tapeli wa uwekezaji aliyekamatwa Marekani mwaka 2008, aliwalipa wawekezaji wa zamani kwa pesa za wapya kwa miaka mingi. Mkataba wako sijauona, lakini nakuomba, shikilia pesa yako mpaka wakuonyeshe madini hayo wanamuuzia nani.