Kuitazama Kentucky Derby: uwanjani, kwenye luninga, au asubuhi za wiki ile

Ndugu uliyeuliza, umesema kwamba wewe na familia yako mnaishi Ohio, kwamba mngependa kuitazama Kentucky Derby ijayo, yaani mbio maarufu za farasi za hapa Louisville, Kentucky, na kwamba hujui kama inafaa kununua tiketi ya bei ya chini kabisa ya kuingia Churchill Downs, kiwanja cha mbio hizo, au kubaki nyumbani mbele ya luninga. Nimeishi Louisville kwa miaka mingi na nimezitazama mbio hizi kwa njia zote mbili. Ushauri wangu ni kwamba uamue kwanza mnataka kuona nini, yaani mbio zenyewe, farasi wenyewe, au shamrashamra za watu, kwa kuwa hakuna mahali pamoja panapokupa yote matatu kwa ukamilifu.

Tiketi hiyo ya bei ya chini itawaingiza katika uwanja wa katikati, ule uliozungukwa na njia ya mbio, na watu wengi hudhani kwamba aliye katikati yuko karibu na kila kitu. Hali halisi ni kwamba walio wengi humo hawaioni njia ya mbio kabisa, na waliobahatika kusogea hadi kwenye uzio huona kundi la farasi likipita kwa sekunde chache tu kabla ya kugeukia skrini kama wengine wote. Hudhurio la siku hiyo huwa karibu watu 150,000, na sehemu kubwa yao hujazana hapo katikati. Kwa vijana wanaotafuta sherehe ni siku nzuri sana, lakini kwa mzazi anayetaka wanawe wadogo wamwone farasi wa mbio, siishauri hata kidogo. Tena miavuli hairuhusiwi, na mvua za Mei hunyesha mara kwa mara, kwa hiyo anayekwenda abebe koti la mvua.

Majukwaa yaliyo mbele ya kipande cha mwisho kilichonyooka ni jambo jingine, ingawa bei yake ni kubwa mno. Mzunguko mmoja wa njia ile ni maili moja, ilhali Derby hukimbiwa maili moja na robo, takriban kilomita 2, na ndiyo sababu malango ya kuanzia huwekwa mwanzoni mwa kipande hicho chenye urefu wa futi 1,234.5. Kwa hiyo aliyeketi hapo huwaona farasi wakipita mara mbili, mara ya kwanza wakiwa wametoka tu malangoni wakigombea nafasi, na mara ya pili wakimalizia. Wakiwa upande wa mbali, hata yeye huitegemea skrini kubwa. Kumbuka kwamba mambo yote haya huchukua kama dakika mbili tu. Rekodi ya farasi Secretariat ya mwaka 1973, dakika 1 na sekunde 59.4, haijavunjwa mpaka leo.

Kitu ambacho ningekilipia kwa moyo mweupe ni matembezi ya farasi kabla ya mbio. Farasi wote wa Derby, ambao hawazidi 20 na wote wana umri wa miaka mitatu, hutembezwa kutoka mazizini upande wa nyuma, wakazunguka kona mbele ya umati hadi kwenye ua wa kutandikiwa, wakiandamana na watunzaji wao, wakufunzi na familia za wamiliki. Hapo ndipo unapomtambua farasi aliyetulia na yule ambaye tayari ametota jasho kwa wasiwasi. Luninga huonyesha matembezi hayo, lakini haikupi ukubwa wa wanyama wale wala ngozi zao zinavyong'aa.

Hata hivyo, habari njema kwa mwenye familia ni kwamba farasi hao hao hufanya mazoezi asubuhi za wiki inayotangulia, wakiwa wamefunikwa vitambaa vya tandiko vyenye majina yao, na baadhi ya siku hizo umma huruhusiwa kuingia. Ratiba hutangazwa kila mwaka na kiwanja chenyewe. Nikilazimika kuchagua, ningewaleta watoto asubuhi moja ya wiki ile, niwapitishe katika jumba la makumbusho ya Derby lililo kando ya lango, kisha mbio zenyewe tuzitazame Jumamosi nyumbani.

Kwenye luninga, mbio hizi huonyeshwa na kituo cha NBC tangu mwaka 2001, kwa hiyo antena ya kawaida inatosha bila malipo yoyote. Peacock, huduma ya NBC ya kutazama kwa intaneti, nayo huzionyesha kwa intaneti kwa wanaolipia, ila picha ya intaneti huchelewa, na simu ya jirani inaweza kukutangazia mshindi kabla hujamwona. Miaka ya karibuni farasi wamekuwa wakitoka malangoni yapata saa 12:57 jioni, Jumamosi ya kwanza ya Mei. Fungua luninga mapema, uchague farasi watatu au wanne, na ukariri rangi za mavazi ya wapanda farasi wao, kwa sababu farasi 20 wakikimbia kwa pamoja namba hazisomeki. Mwaka 2022 farasi Rich Strike, aliyeingia mbioni siku moja tu kabla baada ya mwingine kuondolewa, alipenya karibu na uzio akashinda, na wengi tulielewa alivyopita katikati ya kundi pale tu picha za kutoka juu zilipoonyeshwa tena.

Baada ya mbio, msizime luninga wala kutupa tiketi za kamari hadi matokeo yatangazwe kuwa rasmi. Mwaka 2019 farasi Maximum Security alivuka mstari wa kumalizia akiwa wa kwanza, waamuzi wakapitia picha kwa takriban dakika 22, kisha wakamwondoa kwa kuwazuia wenzake njia, na ushindi ukaenda kwa Country House.